Malalamiko Dhidi ya Wingu la Jumamosi

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Ofisi ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

KUH: WINGU LENU NA PICHA YA UKOO WETU

Ndugu Mkurugenzi,

Kabla hujauliza huyu ni nani, nikupunguzie kazi. Mimi ndiye Mpigapicha Mkuu wa ukoo wetu, mwaka wa ishirini na saba huu, na hakuna mtu wa kwetu aliyezaliwa, aliyeoa wala aliyezikwa bila kupita mbele ya lenzi yangu. Kuna waziri mmoja niliwahi kumwamuru atabasamu mara nne, na mara zote nne akatabasamu. Ya tano walinzi wake wakanisindikiza hadi getini kwa heshima kubwa. Kuna radi iliyonisubiri nibadilishe filamu ndipo ikapiga. Shule niliishia darasa la saba kwa sababu ya mwalimu wa jiografia ambaye, kama watu fulani nisiotaka kuwataja kwenye barua inayokwenda ofisini kwao, alikuwa hayajui mawingu.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi, wiki tatu zilizopita, aliolewa mpwa wangu, binti mkubwa wa dada yangu. Ile ndiyo siku mliyotuletea dhoruba. Tangu siku hiyo dada yangu hasemi nami. Nikiingia anakuta kazi jikoni. Nikienda jikoni anakumbuka nguo uani. Na binti yake wa pili anaolewa baada ya miezi miwili. Jumapili ijayo familia inakaa kikao kuamua nani atapiga picha, na nimesikia jina la bwana mwenye studio likitajwa huku mimi nikiwa hai. Kwa hiyo yafuatayo ni malalamiko yangu, nimeyapa namba ili yasipotee.

1. Hamkutuambia. Dada yangu ni mtu wenu. Hafui, haaniki, hatoki na viatu vya ngozi kabla hajasikiliza taarifa yenu ya saa moja asubuhi kwenye redio yake ndogo iliyo juu ya kabati la vyombo. Asubuhi ile ya harusi aliifungua mbele ya mashahidi wanane, nikiwemo mimi. Kimya. Akaipiga kofi. Kimya. Wakati huo shemeji yangu alikuwa anataka sherehe ihamishiwe kwenye ukumbi wa shule, anasema goti lake linamwambia mvua ipo. Mimi nikawaeleza kitaalamu kwamba ukumbi ule una giza, picha inataka anga, na kama kungekuwa na mvua ofisi nzima ya serikali isingenyamaza ikaliachia goti kazi yake. Wakanielewa. Viti vikapangwa uani. Mnaona mlivyoniponza.

2. Wingu lenyewe lilikuja bila nidhamu. Nilikuwa nimetumia saa nzima kupanga picha ya ukoo, watu sitini na watatu, kwa urefu, na wale wanene nikawaficha nyuma ya maua. Haijawahi kupangwa picha kama ile. Niliwasimamisha wakiupa mgongo upande wa milima ili mwanga uwapige usoni, kwa hiyo katika watu wote wa harusi ile ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeelekea linakotoka wingu. Niliona likipanda. Nakiri lilikuwa zuri, la zambarau, kama pazia la ukumbi wa watu wenye uwezo, na nikasema moyoni kwamba leo hata anga limenivalia. Shangazi wa bwana harusi akauliza, "Mjomba, mbona kunakuwa giza?" Nikamjibu, "Tulia mama, hilo giza nimeliagiza mimi." Nikawaonya kwamba atakayegeuka nyuma ataharibu picha ya vizazi vitatu. Watu wakatii. Sitini na watatu wamesimama wima, wanatabasamu, na ninyi mnawajia kwa nyuma. Huo si uungwana.

3. Upepo. Turubai liling'oka na vigingi vyake vyote, likapita juu ya bwana harusi, likamchukua mshenga kofia, likaenda kutua juu ya paa la jirani ambaye hatukumwalika kwa sababu tulizokuwa nazo. Sasa imebidi tumwombe radhi, na anakula nasi kila Jumapili. Keki ya ngazi nne ilibaki ngazi moja, ile ya chini, nayo ilikuwa na kiatu.

3 (tena). Barafu. Ninyi mnaweza kuandika kwenye vitabu vyenu kwamba ilikuwa punje. Mimi niliyekuwepo nasema kila moja ilikuwa kama kiazi, na moja ilinifuata. Nilihama mara mbili, ikahama nami. Wakati wote huo sikuacha kupiga picha. Niliendelea kutoka chini ya meza, mahali ambapo mpigapicha mwenye uzoefu hupatumia kwa ajili ya pembe.

4. Filamu nzima, picha thelathini na sita, imetoka nyeusi. Si zile za dhoruba tu. Hata za asubuhi, bibi harusi akivishwa chumbani mapazia yakiwa yamefungwa, hata za kuvishana pete chini ya turubai. Nilimpelekea bwana wa studio azisafishe; alipomaliza alizinyanyua dirishani akaziangalia moja moja, akaniambia, "Mjomba, hapa hakuna picha, hapa kuna makaa." Nimefikiri sana. Kasoro ya kamera haiwezekani, kwa maana kamera ni yangu. Flashi yangu nayo inakula betri nne kwa mpigo na haina mfano. Ni kweli baadhi ya wageni walilalamika kwamba hawakuiona ikimulika, lakini niliwaelimisha palepale kwamba flashi za siku hizi hazionekani kwa macho ya kawaida. Linabaki wingu. Wingu lenu, Ndugu Mkurugenzi, lilianza kunyonya mwanga tangu asubuhi, kabla halijatokea, na nataka mlichunguze.

5. Hili ndilo linalonichoma. Ipo picha moja ya harusi ile, na si yangu. Mpishi wetu, mama mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo kama ramani ya mito, alipiga picha moja akiwa mlangoni mwa jikoni. Moja. Imekaa upande, na robo yake ni kidole gumba cha mpishi. Ndani yake bibi harusi amejifunika mfuniko wa sufuria kubwa, maji yanamtiririka, bwana harusi amekumbatia viatu vya mkewe kama mtoto mchanga, na pembeni yao dada yangu anacheka hadi magego yanaonekana. Miaka ishirini na saba nimempiga picha dada yangu, na katika zote amesimama kama mtu anayesubiri hukumu. Sikuwahi kujua ana pengo upande wa kushoto. Picha hiyo imewekwa fremu sebuleni, kwenye msumari uliokuwa umeshika picha yangu mimi nikiwa na yule waziri. Yangu imehamishiwa nyuma ya mlango, na huo mlango huwa uko wazi muda wote.

6. Kwa sababu ya uzembe wenu nimeambiwa neno ambalo mtu wa hadhi yangu hakupaswa kuambiwa. Ndilo la mwisho dada yangu kunitamkia. Alikuwa anakamua gauni la bintiye kwenye karai, hakunyanyua hata uso. Alisema, "Kaka, sisi wote tulikuwa tunakuangalia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unaangalia wingu." Nimelitafuta jibu hadi leo, na jibu ni barua hii.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako inifanyie mambo matatu. Kwanza, mwandikieni dada yangu barua yenye muhuri, muhuri wa duara na si ule wa mstatili, mkikiri kwamba kosa ni la ofisi na kwamba kaka yake alipambana na hali ya hewa kwa ujasiri ambao wataalamu wenu hawajapata kuuona. Ifike kabla ya Jumapili. Pili, siku ya harusi ya binti wa pili mnihakikishie jua kwa maandishi, kuanzia saa nne hadi saa kumi, na upepo wa kupepea shela tu, usizidi hapo. Tatu, mlirudishe lile wingu kwa nusu saa, siku yoyote ya kazi, kwa taarifa ya siku saba. Wale sitini na watatu nitawapanga upya. Wakigoma, nitalipiga lenyewe, maana lilikuwa zuri kweli.

Msipojibu, itanibidi niende kwa wakubwa wenu, na nikishindwa huko nitaanza kutabiri mwenyewe. Goti la shemeji lipo.

Nifikishie salamu kwa wapima mvua wote, kwa anayesoma dira ya upepo, kwa walinzi wa getini, na hasa kwa yule mama anayesoma taarifa zenu redioni kwa sauti ya kubembeleza. Mwambie kwamba dada yangu huwa anamjibu anapoaga.

Naweka kalamu chini lakini sijaweka hasira,

Mjomba wa Bibi Harusi,
Mpigapicha Mkuu wa Ukoo (hadi Jumapili).

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Redio ya dada imerudi leo mchana kutoka kwa fundi. Fundi anasema haina ugonjwa wowote, ila ilipelekwa bila betri, na anauliza kama huwa tunaisikiliza kwa imani. Jirani, yule wa paa, naye amesema kwa mdomo uliojaa chakula chetu kwamba siku ile mliitangaza dhoruba mara tatu, na saa yake mkaitaja. Ndugu Mkurugenzi, barua ya dada bado naiomba, ila humo ndani msiguse habari za redio. Betri zake nne nilizichukua mimi, asubuhi na mapema, nikazitia kwenye flashi, nikanuia kumwambia baadaye. Leo nilikuwa nazitoa ili nizirudishe kimyakimya wakati yuko uani, ndipo nikaona kwamba zote nne nilizitia kinyume. Ziko vilevile kama nilivyozichukua. Hazikutumika hata kidogo.