Betri Iliyoijua Tarehe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Stima ilipotea, ikarudi. Kompyuta yangu nayo ikarudi, ikidai kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Dharau! Ijumaa wakazi wa Section 58 watamchagua katibu kwa kusikiliza waraka wa kila mgombea kuhusu mtaro wa maji taka. Tuko wawili: mimi, mwandishi wa malalamiko rasmi, na Wanjugu wa saiba jirani, duka la kompyuta na intaneti, ambaye huanza barua kwa "Habari zenu wote". Alichungulia dirishani, akashauri nitoe betri ndogo iliyo ndani, mashine isahau mipangilio yake ya zamani, niweke betri mpya, kisha niweke tarehe. Nilimjulisha kwamba sikuomba maoni.

Jumatano, 5 Juni

Wazo adhimu. Betri mpya haijui lolote. Ya Wanjugu inaijua tarehe kikamilifu. Alipokwenda kununua chai, nilizichomoa mashine zote mbili na kubadilisha betri. Yangu iliyokufa, kwake. Yake, kwangu. Aliporudi alilalamika kwamba kompyuta imerudi utotoni. Nilimpa pole kwa maneno teule. Akaweka tarehe kabla chai haijapoa. Inaudhi.

Alhamisi, 6 Juni

Waraka umechapwa. Tarehe hujiweka yenyewe juu ya ukurasa. Sikuikagua. Betri iliyosoma haikaguliwi.

Ijumaa, 7 Juni

Ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti, Mzee Mathenge, aliusoma waraka wangu kuanzia tarehe. Akavua miwani.

"Ndegwa, 2009 hiyo mtaro haukuwa umechimbwa. Ulikuwa unalalamikia nini?"

Vicheko. Mama mmoja akaomba nimwandikie kuhusu mafuriko ya mwaka ujao. Amechaguliwa Wanjugu, kwa waraka usio na "kwa heshima na taadhima" hata moja! Mlangoni alinisalimia kwa mkono, akaninong'oneza: "Mzee, ile betri yangu kaa nayo tu. Lakini si nilikwambia uweke tarehe?"

Jumamosi, 3 Januari 2009

Kuanzia sasa shajara hii naichapa kwa kompyuta. Tarehe imejiweka yenyewe, nami sitaigusa: ndiyo ushahidi. Ni dhahiri kwamba Wanjugu aliifunza betri yake uongo mapema, akijua nitaichukua. Namwandikia Mzee Mathenge rufaa. Hoja ya kwanza, betri ni ya mshindi. Hoja ya pili, ambayo haina jibu: kwa mujibu wa tarehe iliyo hapo juu, uchaguzi bado haujafanyika.