Diski Sita za Dunia Nzima

Jumanne, 10 Machi

Basi, kama nilivyokuwa nasema jana kabla sufuria haijafurika nikakimbilia jikoni, diski zimefika! Sita! Binamu yangu mpishi wa meli kazikusanya mwaka mzima, kila bandari moja. Nyuma ya kila kasha kuna kidunia kidogo chenye namba. Binamu kasema dunia ya filamu imegawanywa kanda sita, kila kanda na namba yake. Mimi ninazo zote! Mama Vioo, yule msusi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara aliyejaza vioo saluni mpaka mteja anajiona kisogo, ana namba mbili tupu. Mwanamke wa kanda moja, masikini.

Na zimekuja wakati wake. Jumamosi bibi harusi na shangazi zake wanasukwa. Vichwa saba! Shangazi mkubwa kasema kusukwa ni kutwa nzima, kwa hiyo watakaa penye kitu cha kutazama, kama si kwangu basi kwa Mama Vioo. Nimepita dukani, bombani, kwa muuza mkaa, nimetangaza: kwangu ni dunia nzima. Mama Vioo hajanisalimia. Raha!

Jumatano, 11 Machi

Pigo. Namba moja imetemwa na deki. Nimeipangusa na upindo wa gauni. Imetemwa tena. Mama Vioo kachungulia dirishani, kauliza kwa sauti ya asali kama dunia leo imefunga. Nimemwambia inapasha moto.

Nikamwita shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi redio. Kasema deki nayo ina kanda yake, hii ni mbili, haitaki wageni. Kabonyezabonyeza rimoti, kaigeuza ikawa moja. Filamu hiyooo! Kisha kanyoosha vidole kama anamfundisha mtoto kuhesabu, kasema shemeji, sikiliza, deki hii inakubali kugeuzwa mara tano tu maisha yake yote, ya tano ikipita inaganda hapo hapo, na mimi nishatumia moja. Nikasema nimesikia. Mafundi hawa! Bila kutisha watu hawajioni mafundi.

Alipotoka tu nikaiweka tatu. Dobi alikuwa anapita. Ningemwachaje?

Alhamisi, 12 Machi

Mama mkwe kaja, kataka filamu yenye farasi. Farasi wako namba nne. Nimegeuza. Kasinzia kabla farasi hajatokea. Mchana mwenye duka kasema haamini kama namba tano ninayo. Haamini! Nimemwekea. Kaamini.

Imebaki mara moja. Nitaitunza kama yai.

Ijumaa, 13 Machi

Yai nimelitunza mpaka saa nne asubuhi.

Mama Vioo kapita na wateja wawili, kasema kwa nguvu nisikie, eti kanda ya sita haipo, nimeitunga. Mimi! Mkono ukaenda wenyewe. Sita ikawaka, mdomo wake ukabaki wazi. Nimemkoga mbele ya mashahidi!

Ila deki imeganda. Zile tano zote inazitema. Imebaki filamu moja, hiyo ya sita, ya mzee na bata wake, wanaongea lugha ya huko, tafsiri hakuna. Mzee anatembea. Bata wanatembea. Masaa matatu. Mume wangu katazama kidogo, kasema kesho vichwa saba vitavuka barabara na vitana vyao. Hamu ya chakula ikaniisha. Nimekula sahani mbili tu.

Jumamosi, 14 Machi

USHINDI!

Walikuja wote saba. Shangazi mkubwa kaangalia bata dakika tano, kaanza kutafuta viatu vyake kwa macho. Halafu kauliza mzee anasema nini. Ulimi ukanitangulia. Nikasema anamlaani yule mama wa mlangoni, kamwibia mume dada yake wa tumbo moja, na bata wale ni mahari iliyorudishwa. Shangazi kageuka mwili mzima, nusura nimsuke sikio. Kauliza, na dada mtu anajua? Nikasema mama, tulia usukwe.

Basi mikono inasuka, mdomo unasuka. Bata mmoja akapotea kwenye maji, bibi harusi kalia machozi kabisa. Shangazi mdogo kamtukana mzee usoni, kasema wanaume ni hao hao.

Saa tisa mlango ukafunguka. Mama Vioo! Eti kaja kuazima kitana. Kasimama nacho mkononi mpaka mwisho, kisha kaniuliza kwa unyonge, dada, yule mama alirudi kwao? Nikamwambia hiyo iko sehemu ya pili. Dada! Kaniita dada!

Jumapili, 15 Machi

Jumamosi ijayo naletewa upande wa bwana harusi, vichwa kumi na moja. Wanataka sehemu ya pili. Haipo. Lakini kanda nyingine tano ninazo, nani atajua? Shemeji kaibeba deki iliyoganda, kaniletea mpya, kaniapisha mbele ya mume wangu nisiiguse mpaka siku yenyewe. Nimeapa. Mtu mzima mimi, nimeshajifunza.

Nimeigeuza mara nne tu, sasa iko kanda ya tano. Ilibidi, ningechaguaje bila kuonja? Imebaki moja, na kwa mtu makini moja ni nyingi. Ijumaa nitaketi, nitafikiri, nitachagua kanda ya

Hodi hiyo. Mama Vioo, na wateja wake watatu! Anasema dada, njoo utuwekee tena pale bata anapozama. Nakuja, nakuja, rimoti iko wapi