Bata, Kijiko na Mwanyumba Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba wangu kaanza kazi kwetu leo. Kwetu! Dunia yote hii na viwanda vyake, kaja kuangukia kiwanda hikihiki cha magodoro, idara hiihii ya mauzo, meza inayotazamana na yangu. Yeye kaoa mdogo mtu, mimi nimeoa dada mtu, na tangu aingie katika ukoo ule sijapata raha. Mama mkwe ana kiti kimoja tu cha maana sebuleni, cha marehemu baba mkwe, chenye mikono mipana na mto wa mgongoni. Nilikuwa nakikalia mimi. Siku jamaa alipokuja kuposa, mama mkwe akaniomba nimpishe mgeni. Nikampisha. Mpaka leo hajaacha kuwa mgeni.

Halafu asubuhi hiyohiyo Bosi katangaza nafasi: msimamizi wa mauzo ya nje. Ofisi yenye mlango! Mlango na feni! Sharti ni Kiingereza, tena si kile cha darasani. Bosi alihudhuria semina ng'ambo, akarudi kagundua kwamba Waingereza hawasemi jambo moja kwa moja, wanapitia kwenye misemo. Anataka mtu wa misemo.

Nikacheka kimoyomoyo. Mtu wa misemo ni mimi! Nina kitabu kizima cha misemo ya Kiingereza, cha mtumba, hakina jalada, nimekisoma hadi kurasa zimelegea. Najua kwamba mvua kubwa kwa Waingereza hunyesha paka na mbwa. Kazi nyepesi ni kipande cha keki. Aliyetoa siri kamwaga maharagwe. Nani mwingine humu ndani anayajua hayo? Hakuna.

Nimemwambia mke wangu nafasi ni yangu. Kauliza, na shemeji yake je, ataomba? Nikasukuma sahani pembeni.

Jumanne, 4 Machi

Kaomba.

Siku ya pili kazini na tayari wakata sponji wote wanamwita ndugu yetu. Anawauliza habari za watoto wao kwa majina. Mimi nina miaka humu, sikujua kama wana watoto! Mpishi wa kantini kamwekea kipande cha nyama cha pili. Mimi naambiwa mchuzi umekwisha.

Adhuhuri kanijia mezani na vikombe viwili vya chai, kimoja changu. Kasema, kaka, hapa ndani Kiingereza ni chako, mimi nababaisha tu, nifundishe misemo miwili mitatu nisiaibike mbele ya wageni wa Ijumaa. Wageni wa Ijumaa ni wanunuzi wakubwa kutoka nje, na Bosi kasema wazi kwamba atakayewafurahisha yuko mlangoni mwa ofisi ile.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa. Kisha wazo likanijia, zuri mno hata chai ikaniunguza ulimi. Nitamfundisha! Kwa nini nisimfundishe? Ila hatapata ya kitabuni. Nitamtungia yangu.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza, ghalani, wakati wa chakula, tumekalia magodoro yaliyokataliwa kwa kupinda. Nimemwambia kwamba Mwingereza akitaka kusema usiharakishe mambo, husema usimwamshe bata kwa kijiko. Kameza! Karudia kwa Kiingereza mara kadhaa, kafumba macho. Kisha kauliza kwa nini bata. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema bata akishtuliwa usingizini hutaga yai bovu. Kapiga kofi godoro, vumbi likatufunika wote, kasema jamani, Waingereza wana akili.

Nikampa na wa pili: kufanya kazi isiyo na faida ni kumvisha mbuzi soksi. Huo kaucheka mpaka machozi. Kanishukuru, kaniita mwalimu. Mjinga wa watu! Ijumaa atasimama mbele ya wageni na bata wake, na wataangua kicheko mpaka waombe maji. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu kauliza kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia bado kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wageni walikuja watatu. Nilichosahau kuuliza ni wanatoka wapi. Kumbe kwao Kiingereza ni cha kuazima, kama kwetu! Wanaongea polepole, kila mmoja anamwangalia mwenzake kabla ya kumaliza sentensi. Mkubwa wao alikuwa anambana Bosi: mzigo uanze kutoka mwezi huu huu, la sivyo wanakwenda kwingine. Bosi jasho linamtoka, mashine mpya bado haijafungwa. Hapo ndipo mwanyumba akajisogeza mbele, akatabasamu tabasamu lake lile, akasema kwa Kiingereza kwamba, kwa heshima zote, tusimwamshe bata kwa kijiko.

Niliuma shavu kwa ndani nisicheke. Nikasema moyoni, kwaheri mwanyumba, kwaheri kiti.

Mgeni mkubwa akamtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama wa tatu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Kisha mgeni mkubwa akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, polepole, kama mtu aliyekumbushwa jambo alilolisahau tangu utotoni. Bosi alipoona mgeni anatikisa kichwa, naye akatikisa, tena kwa nguvu zaidi. Akasema hata yeye nyumbani kwake usemi huo hauishi mdomoni. Mwongo! Wakacheka wote, wakapeana mikono, Bosi akapewa miezi mitatu.

Sikuweza kuvumilia. Nikaona niwaokoe na aibu kwa msemo wa kweli, wa kitabuni kabisa, ule wa jambo ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelitaja. Nikasimama nikasema kwa Kiingereza safi kwamba mabwana, kuna tembo chumbani.

Mgeni wa tatu aligeuka akaangalia nyuma yake.

Bosi akawaomba radhi. Kwenye korido kanishika kiwiko, kaniambia kwa sauti ya chini kwamba Kiingereza si lugha ya kubuni, nisimletee mambo ya porini kwenye mkutano, na kwamba nijifunze kwa mwenzangu. Nijifunze kwa mwenzangu! Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Jamaa yuko kitini. Mimi nimepewa kigoda, mgongo hauna pa kuegemea.

Kasimulia kisa chote cha wageni, na mama mkwe anamwongezea wali kila anapopumua. Halafu, mbele ya wote, kasema kwamba sifa si zake, ni za kaka hapa, yeye ndiye aliyemfundisha yule bata. Nikaketi wima. Hatimaye! Nikajikohoza, nijiandae kupongezwa. Mama mkwe kamtazama kwa upendo mkubwa, kasema unaona mtoto aliyelelewa akalelewa? Anampamba hata mkwe wangu huyu, ili naye asijisikie vibaya.

Nikasema, lakini mama, ni kweli, bata ni wangu. Kaniambia kula, chakula kinapoa.

Basi sasa nina wivu hata na bata niliyemzaa mwenyewe. Nasema ukweli, roho inaniuma. Njiani kurudi, mke wangu kauliza kwa upole kwa nini mimi sina maneno mazuri kama yale. Usaili ni keshokutwa na nimeshaamua: nitamwumbua. Nitasema mbele ya Bosi kwamba msemo huo haupo katika Kiingereza chochote, na kitabu changu nitakwenda nacho.

Jumanne, 11 Machi

Usaili.

Nimevaa suti ya harusi. Vifungo vinafika kwa shida. Nimeingia wa kwanza, kitabu kwapani. Swali la kwanza la Bosi: eleza maana ya usemi wa bata na kijiko, na unafaa kutumika wakati gani.

Mtume! Nani duniani anayeujua kuliko mimi? Ningeweza kueleza mpaka jioni. Ningeweza kumwambia hata rangi ya bata. Ofisi ilikuwa pale, mlango na feni, jibu moja tu. Lakini nikamwona mwanyumba kwenye ukumbi wa kusubiri, kupitia kioo, anamfungia mfagiaji kamba ya kiatu kwa kuwa mgongo unamwuma, na nyongo ikanipanda. Nikisema nautambua, nimempa ushindi! Nikasema Bosi, hakuna usemi kama huo.

Bosi akavua miwani. Akauliza kama nina maana kwamba aliwadanganya wageni. Na mwalimu wake wa semina ng'ambo, aliyemfundisha usemi huo, naye ni mwongo? Sasa umetoka kwa mwalimu wa semina! Nikatoa kitabu. Nikasema autafute humu, hatauona. Akakigeuza. Akaona hakina jalada, hakina mwanzo, na mwisho kimekatika. Akasema bata yuko kwenye kurasa zilizopotea.

Kisha akafungua katikati, akasoma kwamba mtu aliyekufa Waingereza husema amepiga ndoo teke. Akasoma tena. Akaniuliza kama hayo ni maneno ya kusema kwenye msiba. Akakifunga, akanirudishia kwa vidole viwili.

Mwanyumba akaingia. Nikabaki mlangoni, nafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka. Alimweleza bata vizuri, sikatai. Alisema mteja ni kiumbe aliyelala salama, ukimshtua utapata oda lakini itakuwa yai bovu, itarudishwa kwako na lawama juu. Mimi mwenyewe sikujua kama usemi una maana hiyo. Bosi alipenga kamasi.

Ijumaa, 14 Machi

Kapewa.

Mlango kapewa. Feni kapewa. Jina lake tayari limebandikwa. Kaja kwangu kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, kanishika mkono kwa mikono yote miwili, macho yamelowa, kasema bila wewe kaka nisingekuwa kitu. Nikasema hongera. Ilinitoka kwa shida, kama jino. Kasema kamwambia Bosi kwamba mwalimu ni mimi, na Bosi kamjibu kwamba viongozi wa kweli ndivyo walivyo, hugawa sifa.

Leo pia Bosi kamkataza mhasibu asirudie hesabu za mwaka jana kwa kuwa ni kumvisha mbuzi soksi. Mhasibu kaitikia ndiyo, hasa. Hakuna hata aliyepepesa jicho. Nikajaribu kumwambia mpishi wa kantini kwamba kukaanga mayai ni kipande cha keki. Kanijibu keki hawauzi.

Jumapili, 23 Machi

Tumeletewa godoro. Zawadi kutoka kwa msimamizi wa mauzo ya nje, toleo jipya la kiwanda. Linaitwa Bata. Pembeni kashonwa bata amelala, kafumba macho, na chini yake kwa Kiingereza maneno yangu yote, herufi kwa herufi. Wageni wameyapenda hivi kwamba wameongeza oda. Mke wangu kalitandika hapohapo. Kajitupa juu yake, kasema shemeji yake ana moyo wa pekee. Ni godoro zuri. Sipendi kuandika hivyo, lakini ni zuri.

Mama mkwe kaja kuliona. Nilikuwa nahangaika na birika, mara sukari, mara vikombe, namharakisha mwanangu alete sahani. Mama mkwe, kajikalia kitandani kwangu, juu ya bata wangu, kaniambia taratibu, mkwe, usimwamshe bata kwa kijiko. Katamka kwa Kiingereza! Mama ambaye Kiingereza chake kingine ni asante na kwaheri! Nikasema sawa, mama. Ningesema nini?

Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Kisha, alasiri, simu ikalia. Mwanyumba. Kaalikwa kuhutubia mkutano wa watengenezaji magodoro, watu kutoka nchi nyingi, ukumbi mkubwa, vipaza sauti, na safari hii watakuwepo Waingereza wenyewe. Anaogopa. Kasema kaka, wa kunisaidia ni wewe tu, nipe misemo mipya.

Waingereza wenyewe! Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamwambia asitie shaka, tuko pamoja, damu ni damu.

Maana sasa nimeshajua nilikosea wapi. Bata alikuwa na akili mno. Nilimpa sababu, nikampa na yai, ndiyo maana akapendwa. Mara hii natunga upuuzi mtupu, usio na kichwa wala miguu, hata malaika asiupatie maana. Nimekaa juu ya godoro, kalamu mkononi, na huu hapa wa kwanza: shangazi hapigi samaki pasi. Nimeutafutia maana kwa kila upande. Hauna. Nimeitafuta hata kwa kuusoma kinyumenyume, haipo. Kwisha habari yake!

Mke wangu kapita sasa hivi na nguo alizoanua, kausoma juu ya bega langu. Kasimama. Kisha kasema hiyo ni kweli kabisa, na laiti mama angemwambia hivyo shangazi zamani, yasingetokea yale yaliyotokea.

Nimeongeza samaki wa pili.