Ripoti ya Panya kwa Mstari Mmoja

Jumatatu, 6 Februari 1989
Citoyen Directeur wa kituo chetu cha utafiti katangaza: Ijumaa anakuja mgeni toka Kinshasa. Atakayemsomea ripoti nzuri ya panya wa msitu wa Masako ataenda stage, mafunzo ya kazi, Ubelgiji. Mimi nafaa. Nina suti mbili za abacost. Tatizo: sina ripoti. Masako nilifika mara moja, nikanyeshewa, nikarudi. Zaina, binti kutoka Kindu, ndiye aliyekaa huko mwaka mzima na mitego. Ripoti yake ni nzuri. Inaniuma.

Jumanne, 7 Februari
Nimemwendea Zaina kwa upole. Mashine ya kompyuta waliyotuachia Wabelgiji haina picha, ni kioo cheusi na herufi za kijani. Unaandika amri, inatii. Akanifundisha moja: ln -s, halafu mahali faili iliko, halafu jina jipya unalotaka. Jina hilo linakuwa njia ya mkato; ukilifungua, unafika kwenye faili ileile.

"Lakini si copie, Tonton," kaniambia. "Iko kidole tu, inaonyesha fasi faili inakaa."

Tonton, yaani mjomba! Nimemzidi miaka michache tu.

Alipoenda kula makemba yake nikaandika: ln -s /msitu/zaina/panya ripoti_ya_emile. Nikafungua. Panya wote wamo! Mwaka wa matope, mimi nimeumaliza kwa mstari mmoja.

Jumatano, 8 Februari
Wasiwasi. Ripoti mbili zinazofanana? Directeur atauliza nani kamwibia nani. Bon, ibaki moja. Yangu. Zaina hafungi faili zake, anaamini watu. Tabia mbaya. Nikaandika rm, amri ya kufuta, na anwani ya faili yake. Mashine haikuuliza kitu. Naipenda mashine hii.

Jioni nimekunywa bia kwa Mama Pélagie, nikamwambia naenda Ulaya. Ameagiza viatu.

Ijumaa, 10 Februari
Abacost ya kahawia. Mgeni mbele, Directeur kando yake, Zaina nyuma. Nikafungua ripoti_ya_emile. Mashine ikajibu kwamba hakuna faili ya namna hiyo. Nikaandika tena, polepole, kwa heshima. Hakuna. Nikaagiza ionyeshe majina yote: langu lipo! Nikamwonyesha mgeni. Akasema jina analiona, anaomba ripoti. Nikamweleza kwamba jina ni mwanzo mzuri.

Ila mbele ya jina kulikuwa na mshale, na mbele ya mshale: /msitu/zaina/panya. Watu wote wakausoma. Directeur akaniuliza panya wa Zaina wanafanya nini kwenye ripoti yangu. Nikakohoa.

Zaina hakunitukana. Ingekuwa nafuu.

"Kidole iko, Tonton," akasema. "Fasi yenye ilikuwa inaonyesha ndiyo umefuta."

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Zaina akatoa disketi mkobani. Huwa ananakili kazi yake kwa kuogopa umeme wetu. Akairudisha faili palepale ilipokuwa, kwa jina lilelile, akaanza kusoma. Alieleza panya wanazaa wapi, wanakula nini, wanahamia wapi watu wakikata msitu. Mgeni aliacha kucheka. Hata mimi nilisikiliza kidogo.

Stage ni yake.

Jumatatu, 13 Februari
Directeur ameamua: Zaina akiondoka, mimi nashika mitego Masako. Mvua, nyoka, matope. Zuberi, mwenzetu asiyejua chochote, anabaki ofisini kwenye kiti changu.

Kwa huzuni nimefungua tena ripoti_ya_emile. Imefunguka! Panya wote wamo! Kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ijumaa mashine ilikuwa imechoka tu.

Alors, amri ya kunipeleka msituni iko kwenye faili ya Directeur. Hafungi faili, hufunga kabati la sukari tu. Nimeshatengeneza njia ya mkato kwenda huko, nikaiita amri_ya_emile. Inafunguka vizuri kabisa. Kesho nafuta ile ya Directeur, ibaki yangu peke yake, halafu kwa utulivu niandike jina la Zuberi mahali pa langu.