Shimo la Kufukia Moshi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Eucabeth ameondoka. Amemchukua Nyanchera, mtoto wetu, wamekwenda kwa baba yake, kule Ekerenyo. Amesema moshi wa injini yangu ya kusagia unga umemkaa kifuani, na hatarudi mpaka uishe. Nyumba kimya. Chai nimepika mwenyewe. Haikuwa chai.

Nyangau, mwenye kinu cha maji kule mtoni, alifika kunipa pole kabla sijaimaliza. Akawakumbusha wateja wangu kwamba maji hayatoi moshi. Pole gani hiyo!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Ndizi tunaziivisha vipi? Tunachimba shimo, tunaingiza moshi, tunafunika kwa majani na udongo, nao unakaa humo bila kumsumbua mtu. Basi moshi unaweza kufukiwa. Wazee wetu walijua, ila waliwazia ndizi tu. Mimi nitaufukia wa injini nzima.

Nimekwenda kwa Jitendra, mwenye duka la vyuma, kuchukua mabomba. Aliuliza kwa nini nisiihamishe injini, niipeleke kule barabarani, mbali na nyumba. Nikamweleza kwamba mtu akila chakula chake bila kuisikia injini yake, atajuaje kuwa ni tajiri? Alinionya kuwa injini nayo hupumua, nisiizibe. Mabomba aliniuzia hata hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Shimo tayari, nyuma ya nyumba, palipokuwa na udongo laini. Nimetia na mikungu miwili ya ndizi. Kwa nini moshi ukae bure? Injini iliguna, ikatetemeka, ikakubali. Hewa safi! Nilisimama uani nikivuta pumzi kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Nilitamani Eucabeth awepo. Nilitamani hivyo kuliko nilivyotamani Nyangau aone, na hilo limenishangaza. Nimetuma ujumbe Ekerenyo.

Jumamosi, 9 Machi

Sabato. Injini imezimwa. Jibu limefika: baba mkwe, Mzee Nyamongo, atakuja kesho kukagua kwa pua yake mwenyewe. Akiridhika, Eucabeth anarudi. Kanisani nilimshukuru Mungu kwa kuumba udongo.

Jumapili, 10 Machi

Aibu.

Mzee alifika mapema. Alivuta hewa uani, akaridhika. Nikawasha injini ili aone kazi. Akatazama kwa muda, kisha akainuka, akaelekea chooni.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini udongo ule ulikuwa laini. Uko ubavuni mwa shimo la choo. Moshi ulianza kutoka juu ya mlango, halafu kila upande, mweusi.

Ningefanya nini? Mkwe hafuatwi huko. Hata kupataja mbele yake ni kukosa adabu. Nilikimbia kuizima injini, nikakuta imekwisha kujizima kwa kubanwa pumzi. Moshi uliendelea kutoka.

Alitoka polepole, kofia mkononi, machozi yakimtiririka. Hakusema alikotoka, nami sikuuliza. Tulikaa tukazungumza habari za mvua, yeye akikohoa. Mwishowe akaaga.

“Binti yangu atakaa kwangu kwanza, mkwe wangu. Wewe pumzika.”

Angenitukana ningeumia kidogo tu. Huo upole ndio ulionimaliza. Nimelia, na si kwa sababu ya moshi.

Jumanne, 12 Machi

Eucabeth amekuja, peke yake. Alionja ndizi moja ya shimoni, akaitema. Ladha ya dizeli. Akauliza kama najua anachotaka. Nikajibu: moshi uishe.

“Baba Nyanchera, mimi sikukwambia uufiche. Unaufukia hapa, tunaukuta pale. Peleka injini barabarani, nami nirudi nyumbani kwangu.”

Maneno yake yaliniingia. Nilimwambia nimekosa, na wiki hii hii naihamisha. Akatabasamu, akasema atarudi Jumapili pamoja na mtoto. Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Njiani alinishika mkono, na basi lilipoondoka nilibaki nimesimama pale kama mjinga, mwenye furaha.

Jioni nimekaa kuyapima maneno yake kwa makini. Ana haki kabisa. Kosa lilikuwa choo. Kesho asubuhi naanza kuchimba nyuma ya jiko lake, kwenye udongo mgumu, na safari hii nitakwenda chini zaidi. Atakaporudi hatajua lolote.