Kitufe cha Kijani

Jumatatu, 10 Oktoba 2022
Tableti imefika. Kila mama wa karakana yetu ya sabuni ataulizwa swali, nami nitabonyeza jibu. Kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Mashine inajumlisha yenyewe na kupeleka Ulaya kwa wafadhili, ndio watakaoamua kama karakana itaendelea mwaka ujao. Mimi nimeshaamua. Itaendelea, na mratibu wake nitakuwa mimi, Blanchard. Si Carine, mwenzangu wa kazi. Carine ana diploma, lakini anafanya kazi kama mtu anayechambua mchele.

Jumanne, 11 Oktoba
Swali lenyewe: "Maisha yako ilibadilika?" Akina mama wetu wote walikimbia vita kule Djugu, sasa wanakaa kambini hapa Bunia. Niliwauliza wakiwa wamesimama kwenye vyungu, wakikoroga. Wote walisema ndiyo, ilibadilika sana. Mama Emerance hata alitoa machozi. Sabuni yetu inaliza mtu mzima! Alitaka kueleza zaidi, nikamwambia kisanduku cha maelezo si cha lazima. Kufika saa sita nimemaliza. Carine asubuhi nzima alikuwa na mama mmoja tu, wanamenya mihogo na kuongea. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Alhamisi, 13 Oktoba
Kijani tupu. Nimeweka picha ya skrini kwenye kundi letu la WhatsApp. Muzee Laurent, mkuu wetu, ameniita fundi. Nimepita kuangalia ofisi ya mratibu. Kioo cha dirisha kimepasuka, itabidi pazia.
Jioni risasi zilisikika upande wa Djugu, mtandao ukakatika. Bahati nzuri majibu yangu yalikuwa yameshaondoka.

Ijumaa, 14 Oktoba
Wafadhili wamejibu. Wanatupongeza. Maisha ya akina mama wote yamebadilika, kwa hiyo lengo limetimia, kwa hiyo karakana itafungwa Desemba na vyungu vitakwenda Ariwara, kwa watu wenye shida. Nimesoma mara ya pili nikitafuta kosa la Kifaransa. Hakuna.
Muzee Laurent hakunigombeza. Aliketi tu, ameshika kichwa. Nikajitetea kwamba akina mama wenyewe walisema ndiyo. Carine akaniuliza kama nilimwuliza Mama Emerance ni nini kilichobadilika. Nikamwonyesha kisanduku cha maelezo, kitupu. Basi akanieleza. Nyumba ilichomwa. Mume alirudi kuchukua mbuzi, hakuonekana tena. Mama aliyekuwa na shamba la maharagwe leo analala chini ya turubai na watoto wake, na kinachowalisha ni sabuni hiyo tu. Ndiyo maana alilia.
Nilikuwa nimesimama nje Mama Emerance aliponikuta. Akasema hana kinyongo, mimi niliuliza na yeye alijibu. Akaniita mutoto yake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 17 Oktoba
Carine amewaandikia wafadhili, wamekubali tuulize upya. Safari hii kila mama aeleze maisha yake mwenyewe, taratibu, na sisi tusikilize. Nusu ya akina mama ni wangu. Wiki nzima ya kusikiliza!
Lakini nimetumia akili. Kosa letu lilikuwa nini? Kijani. Wanatufunga kwa sababu tumefaulu. Basi dawa iko wazi. Nimebonyeza nyekundu kwa wote, na kwenye kisanduku cha maelezo, ambacho safari hii sikukiruka, nimeandika kwa kila mmoja: "Sabuni haikubadilisha kitu." Carine bado yuko kambini na mama wake wa kwanza, nikamsaidia na nusu yake pia.
Mama Emerance alikuwa ameanza kunisimulia kwamba binti yake amerudi shule kwa sababu ya sabuni, na kwamba sasa anaweza kulala usingizi. Nilimwomba kwa heshima anyamaze, asiniharibie hesabu.
Nimetuma. Tuone sasa kama watathubutu kusema tumefaulu. Kesho nakwenda kupima lile dirisha la ofisi ya mratibu.