Kamera Iliyotolewa Kioo

Okaya, Oktoba 2009

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Ndugu Hamano,

Baridi imeanza kushuka kutoka milimani na ziwa limebadilika rangi. Natumai u mzima, na achari ya mkeo imeanza kuiva. Niwie radhi kwa mwandiko. Zile herufi ngumu za wasomi sizimudu, nimeandika kwa hizi za watoto wa chekechea. Lakini mkono huu usiojua kuandika ndio uliobandika vioo ndani ya kamera, kiwandani hapa hapa, tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Kamera zilizowapiga picha wafalme wa ng'ambo, kioo ni changu. Wewe wakati huo ulikuwa unauza kandambili.

Nalalamikia uamuzi wenu wa kumpa Bi. Imai Satsuki kazi ya kuwapiga picha wazee wa mtaa, zile za kuwekwa mbele ya jeneza siku mtu akiitwa. Kazi hiyo ni yangu. Mtaa mzima unajua. Hata waliokwisha kufa wanajua.

1. Kamera yake haina kioo ndani. Nilipoambiwa sikukasirika, nilimhurumia. Nilidhani kiwandani wamesahau. Nikachukua kibanio, gundi na kioo kimoja nilichokitunza kabatini, nikaenda kwake kumwekea, bure. Akanikaribisha chai, akaitoa lenzi, nikachungulia. Ndani kutupu, kama kisima cha kiangazi. Akainama, akaniambia taratibu kama mtu anayeleta habari za msiba: "Mzee Kasahara, hakikusahauliwa. Wamekiondoa makusudi."

Ndugu Mwenyekiti, chai ile sikuimaliza.

2. Kioo walichokitoa ndani wamekipachika nje, mgongoni, cha kutazamia. Ni sawa na kumtoa mtu moyo ukamfunga nao kiunoni, kisha ukamsifu kwamba amepungua mwili. Naye Bi. Satsuki huishika kamera mbali na uso, kama anayenusa samaki wa juzi. Uso wote uko nje. Wazee wanamwona, yeye anawaona, wanapiga soga. Tangu lini mpiga picha akaonekana? Mimi nikiwa kazini hakuna aliyewahi kuniona zaidi ya masikio.

3. Kamera ya kweli ukiibonyeza, kioo kinachomwonyesha mpigaji hunyanyuka, naye haoni kitu. Giza. Picha huingia humo gizani, na hapo ndipo penye ustadi. Nimepiga picha maisha yangu yote na hakuna hata moja niliyoiona ikipigwa. Bi. Satsuki anatazama kile kioo cha mgongoni na kuona kila kitu. Sasa, kupiga picha ya kitu unachokiona, nani atashindwa?

4. Kishindo. Kioo changu kikilia "kacha!", mzee anajua mambo yamekwisha, apumue. Ya kwake inalia kama panya anayepiga chafya. Mzee Momose, ambaye masikio yamemtupa, alibana pumzi akingoja hadi akawa rangi ya biringanya. Mkampepea nyinyi wenyewe.

5. Uzito. Kamera yangu ni nzito kama mtoto mchanga, na uzito huo ndio unaowatia watu adabu. Ya kwake ni kijisanduku cha chakula cha mwanafunzi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

6. Mke wangu Fukue. Katika picha zangu zote, tangu ya harusi, kioo kikipiga hufumba macho. Watu hucheka; mimi nasema ni heshima. Siku ya Wazee alikwenda kwa Bi. Satsuki bila kuniaga, na matokeo yake mmeyabandika ukumbini: macho wazi, nywele zimepeperuka, anacheka hadi linaonekana jino la dhahabu ambalo mimi mara ya mwisho nililiona kwa daktari wa meno. Nilipomgombeza alikuwa anamenya viazi, hata hakugeuka. "Baba, siku nikifa nitakuwa nimefumba macho ndani ya jeneza. Unataka na kwenye picha nifumbe?" Nilikwenda kuipangusa kamera yangu, kwa sababu hoja ile ni dhaifu.

7. La saba nimelisahau. Likinijia nitaliandika chini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: kamera hiyo irudishwe kiwandani ikatiwe kioo, Bi. Satsuki aje kwangu nimfundishe kutoona. Na picha zote zirudiwe kwa kamera yangu, tukianza na wazee ambao bado wapo.

Msalimie mkeo, umsalimie Mzee Momose kama pumzi zimemrudia, na wote wa ukumbini, isipokuwa ile kamera.

Wako asiyeyumba,
Kasahara Torazo,
Mbandika Vioo

Nyongeza: Nimelikumbuka la saba. Ile picha ya Fukue iliyotoweka ukutani, msihangaike kumtafuta mwizi. Iko kwangu, nimeichongea fremu, na hairudi. Lakini Bi. Satsuki aulizwe alimwambia nini Fukue hadi akacheka vile. Mwenyewe nikimuuliza hasemi, anacheka tu, vilevile, hukohuko jikoni. Nami hukimbilia kamera yangu, lakini hadi niitoe kabatini keshanyamaza. Ni nzito kidogo.